"Tutaona" si Jibu: Bi Harusi, Posa na Hesabu ya PhD



Leo hatuandiki juu ya singo wala hina, ingawa msimu ndio huu na tunajua wengi wenu mmekuja mkitafuta hayo. Yatakuja, Insha'Allah. Leo tuna ugomvi.

Ulianza barazani, tukichagua mchele wa shughuli. Mwenzetu mmoja, mhadhiri msaidizi wa miaka 29, ana barua mbili mkononi. Ya kwanza ni ya posa, imetoka nyumba ya watu wema tunaowajua. Ya pili ni ya chuo: pendekezo lake la utafiti limepita, sasa aende akakusanye data, miezi 14 katika Wilaya ya Kilosa na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mikumi. Mwaka jana alikwenda huko wiki sita kujaribu maswali yake. Safari hii ndiyo yenyewe.

Mchele haujafika nusu, ushauri ulikwishamfika shingoni. Shangazi yake: "Mwanangu, digrii mbili zinakutosha. Hiyo ya tatu utampikia nani?" Somo wake akasema mwanamme hakai na mke anayemzidi kisomo. Shoga yetu mmoja, yeye alikuwa upande wa pili kabisa: "Nenda! Dokta ni dokta, mume atakuja mwingine." Na bwana harusi mtarajiwa, alipoulizwa na kaka wa binti, alijibu neno moja tu: "Tutaona."

Sisi tunasema wote hawa wamekosea hesabu, na aliyekosea kuliko wote ni huyo wa "tutaona."

Tuanze na shangazi, kwa heshima zake zote. Ukichagua jambo moja, lipo jingine unaliacha, na hilo unaloliacha ndiyo bei ya kweli ya ulilochagua, hata kama hukutoa senti mfukoni. Hilo shangazi analijua vizuri. Lakini katika yote anayoyaacha binti huyu, shangazi amehesabu kimoja: mume. Hakuhesabu mshahara, hakuhesabu miaka, wala hakuuliza kuna nini mwisho wa njia. Na kaka wa binti huyu huyu alipokwenda Malaysia kusomea PhD, akamwacha mke na watoto wawili kwa miaka minne, nyumba ile ile ilichinja mbuzi na kusoma dua. Hakuna aliyemuuliza atampikia nani. Mkewe ndiye aliyelipa ile miaka minne, na mpaka leo jina lake halijatajwa kwenye pongezi.

Basi tuhesabu sawasawa, kwa shilingi kwanza, kwa sababu shilingi ndiyo inayokwepwa.

Chukua mfano wa mwanamke anayepata milioni moja na nusu kwa mwezi. Akiacha kazi miaka minne asome, ameacha milioni 72. Hapo hatujaweka ada, nauli, wala chakula. Tuseme PhD itamwongezea laki sita kwa mwezi. Itamchukua miezi 120, yaani miaka kumi baada ya kumaliza, kurudisha alichokiacha tu. Akimaliza na miaka 33, atakuwa na 43 ndipo aanze kula faida. Na miaka minne ni ya kwenye karatasi. Tunaye mwenzetu mwingine, chuo chake hatukitaji, sura moja ya tasnifu yake ilikaa kwa msimamizi miezi saba bila kusomwa. Miezi saba hiyo nayo ni yake, hakuna wa kumrudishia.

Sasa badilisha kitu kimoja tu katika mfano: mwajiri amempa ruhusa ya masomo na mshahara unaendelea. Zile milioni 72 zimefutika. Imebaki ada, na ada hutafutiwa mfadhili. Shahada ni ile ile na miaka ni ile ile, lakini hesabu imekuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo anayekwambia PhD ina faida, na anayekwambia haina, wote waulize kwanza: nani analipa nikiwa nasoma?

Swali la pili ni la kazi. Katika vyuo vikuu vyetu mwenye shahada ya uzamili ni Mhadhiri Msaidizi. Cheo cha Mhadhiri kinataka PhD, na vyote vya juu yake vinapitia hapo. Kwa mtu wa chuo au wa taasisi ya utafiti, kukataa PhD ni kukubali kubaki kwenye ngazi ya chini mpaka kustaafu. Mwenzetu wa barua mbili yuko hapo, na mwajiri wake amekubali kuendelea kumlipa. Kwa mtu wa benki, wa hoteli, wa forodhani au wa duka lake mwenyewe, mambo si hayo. Hapo tunasema wazi na tutakaochukiwa tuchukiwe: usifanye. Kama unachotaka ni kuandikwa "Dkt." kwenye kadi ya mwaliko, miaka minne ni ghali mno kwa herufi tatu na nukta. Watu wanatuambia, "Mbona Mama Samia ni Dokta?" Jamani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku udaktari wa heshima Novemba 2022, baada ya utumishi wa miaka mingi. Ule ni wa kutunukiwa. Huu mwingine ni wa kukaa chini ukaandika, na mwisho wake kuna kikao cha wazee wa elimu wanaokuuliza ukurasa kwa ukurasa.

Na wewe wa tatu, unayetaka elimu yenyewe na huwezi kutoka kisiwani, SUZA wanafundisha PhD ya Kiswahili hapa hapa, na Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 kwa watu wenye kazi na watoto. Ila usidanganyike kwamba kusoma usiku ni bure. Usiku nao una mwenyewe.

Tuje Kilosa, kwa sababu huko ndiko tulikobadilishwa fikra, sisi tuliokuwa tukimwambia aahirishe.

Ukitoka Unguja unapanda boti mpaka Dar es Salaam, na tangu 2024 unaweza kupanda treni ya umeme ikakushusha Kilosa. Ni mji wa reli tangu enzi za Wajerumani, wa mashamba ya mkonge, na Mto Mkondoa unaopita kimya kiangazi kisha ukavunja kingo, kama ulivyofanya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, maelfu wakabaki bila nyumba. Waislamu ni wengi, adhana unaisikia, na mwenzetu alikaa nyumba ya bibi mmoja mjane aliyemlea kama mjukuu. Kaka yake mdogo alimsindikiza wiki zote sita. (Na yeye aliacha kibarua chake kwa ajili hiyo. Kwenye bajeti ya utafiti hakuna mstari wa mahram.)

Kilosa imetafitiwa sana. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, jirani tu. Wakulima na wafugaji wamegombania ardhi na maji huko miaka mingi, na Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, jambo lililoleta watafiti wengi kutoka ndani na nje. Kwa hiyo mwenzetu alipokwisha kupita kwa mkoa, wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji na barua yake ya chuo, akakaa chini ya mwembe na daftari, mama wa kwanza aliyemhoji alimtazama akasema: "Wamekuja wengi na karatasi kama hiyo. Saa yako moja hapa ni mistari mitatu ya palizi yangu. Nikikupa, mimi napata nini?"

Mwenzetu anasema hakuwa na jibu. Na sisi tuliposimuliwa tulinyamaza, kwa sababu yule mama, ambaye pengine hakumaliza darasa la saba, amesema kwa sentensi moja jambo ambalo sisi tulikuwa tukilizungusha barazani mchana kutwa. Aliuliza bei kabla ya kutoa. Hakusema "tutaona."

Basi mwenzetu akafunga daftari, akashika jembe, wakazungumza wakipalilia. Huko ndiko swali lake lilikopatikana.

Vijiji vya upande wa Mikumi vinaishi na tembo. Hifadhi ile ilianzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati. Wengi wetu tumewaona twiga kupitia dirisha la basi tukapiga picha, tukaendelea na safari. Wa pembezoni hawapigi picha. Mahindi yakianza kukomaa, mtu analala shambani juu ya dungu, na madebe ya kugonga na moto wa kuwasha. Tembo wakiingia usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa. Mwenzetu alilala kwenye dungu usiku mmoja (mama yake hajui, na tunaomba asisome hapa) pamoja na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mume alikuwa mjini kwenye kibarua. Asubuhi mwenzetu akamuuliza: tembo wakila, fomu ya kifuta jasho inaandikwa jina la nani? Mwanamke akacheka. "La mwenye nyumba."

Hilo ndilo swali la PhD yake. Anayelala kwenye dungu ni nani, na anayeandikwa kwenye fomu ni nani? Tena katika wilaya ambayo Wakaguru na Wasagara, kwa asili yao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtaalamu wa kuja wiki mbili na gari la mradi hawezi kulijibu, kwa sababu atafika mchana, atasalimiwa na mwenye nyumba, ataandika aliyoambiwa na mwenye nyumba. Swali hili linataka misimu: kupanda, kulinda, kuvuna, kufuatilia fomu mpaka fedha ziingie mkononi mwa mtu. Linataka mwanamke anayeweza kulala kwenye dungu na mwanamke mwenzake. Zaidi ya PhD, sisi hatujui kazi nyingine inayompa mtu miezi 14 kukaa na kuuliza jambo moja.

Kwa hiyo kwa huyu tunasema aende. Mshahara wake unaendelea, ngazi yake inataka shahada hiyo, na ana swali lake mwenyewe linalomkosesha usingizi. Angekosa hata moja katika matatu hayo, tungekuwa upande wa shangazi. Ila na sisi tuna sharti letu kwake: atakapomaliza arudi kule na majibu kwa Kiswahili, ayasome mbele ya wale wanawake. Mistari mitatu ya palizi ni deni.

Sasa ndoa. Hatutoi fatwa, masheikh wapo na milango yao iko wazi. Lakini kuna mambo ambayo bi harusi anapaswa kuyajua kabla hajapakwa hina, na huwa hatuambiwi.

Katika madhhab yetu ya Shafii, tunayosoma kwenye Minhaj ya Imam Nawawi, mke akisafiri bila ruhusa ya mume ni nushuz, na hilo wengi tunalijua. Tusilolijua ni hili: akisafiri kwa ruhusa ya mume lakini kwa haja yake mwenyewe, bila mume kuwa naye, kauli yenye nguvu ni kwamba nafaqa inaanguka kwa muda huo. Soma tena. Yaani bwana anaweza kukwambia "nenda mke wangu, Mungu akufanyie wepesi," ukaenda Kilosa miezi 14, asikuletee hata nauli, na asiwe amevunja sheria. Ruhusa peke yake haitoshi. Sema na nafaqa, iseme kwa jina lake.

Jambo la pili ni masharti. Katika Bukhari na Muslim, kwa riwaya ya Uqba bin Amir, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale tuliyofungia ndoa. Mahanbali wameyapa nguvu sana: mke akishurutisha asihamishwe mji wake na mume akavunja, ana haki ya kutoka kwenye ndoa. Kwa Mashafii mlango ni mwembamba. Sharti linalokwenda kinyume na linalotakiwa na ndoa yenyewe huanguka, ndoa ikabaki. Wako wanaosikia hivyo wakasema, basi hakuna haja ya kuandika. Sisi tunasema ndiyo sababu ya kuandika. Mwulizeni sheikh lipi linasimama na lipi haliisimamii mbele ya kadhi, kisha mengine yasemwe mbele ya walii, wazee wa pande mbili na mashahidi. Kwetu kisiwani aibu nayo ina mahakama yake, na haichelewi kutoa hukumu.

La tatu ni mahram katika safari. Wanazuoni wa leo hawako kauli moja, na sisi hatutachagua kwa niaba yako. Uliza, na ukishapata jibu liingize kwenye hesabu: kama ni kaka, nani anamlisha miezi hiyo? Kama ni mume, kazi yake inamruhusu?

Kuna kitisho kimoja tunakisikia kila mara: Wangari Maathai. Alipata PhD Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na ndoa yake ikavunjika. "Mnaona?" Tunaona, na tarehe tunazisoma. Aliolewa 1969 akiwa tayari anafundisha chuoni na yumo kwenye masomo hayo. Talaka ilikuja 1979, miaka minane baada ya shahada. Katikati hapo kuna watoto watatu, siasa, na miti aliyoanza kupanda 1977 iliyompa Nobel 2004. Kuyafupisha yote hayo kuwa "alisoma akaachika" ni uvivu. Wanawake wangapi wa mtaa wako wameachika na hawajafika hata kidato cha nne?

Uzazi hatuukwepi. Umri unakwenda, na hakuna mhadhiri atakayeuzuia. Lakini hatujaelewa kwa nini watu wanaongea kana kwamba mwanamke hushika ama tasnifu ama mtoto. Wanawake wa hapa wanazaa wakiwa na maduka, na zamu za hospitali, na mashamba ya mwani. Tatizo la kweli liko pengine na ni la kikaratasi: mwajiriwa wa bara ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa sheria, lakini mwanafunzi si mwajiriwa wa chuo anachosoma, na ufadhili mwingi una tarehe ya mwisho. Uliza kabla ya kusaini: nikijifungua, saa ya ufadhili inasimama au inaendelea kuhesabu? Mwajiri wangu ananipa likizo nikiwa masomoni? Tunajua aibu inavyotushika kuuliza maswali haya wakati hata posa haijajibiwa. Yaulize hivyo hivyo.

Na hapo ndipo tunaporudi kwa "tutaona." Neno hili linasemwa kwa upole, na mwenye kulisema huonekana mtu wa maelewano. Lakini tazama linafanya nini. Linamwacha mwanamme hajakataa, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu, na linamwacha mwanamke aingie kwenye ndoa na gharama yote iko kichwani mwake, isiyosemwa, mpaka siku ambayo mimba ina miezi mitano, basi la Mikumi linaondoka saa kumi na mbili, na jibu linatoka kumbe lilikuwa "hapana" tangu mwanzo. Mwanamme anayesema "hapana" siku ya posa amemtendea wema mkubwa kuliko huyo. Huyo wa "hapana" unamshukuru, unaswali istikhara, unachagua ukiwa na macho mawili.

Baada ya baraza ile, baba wa mwenzetu, ambaye ndiye walii wake, alikaa naye wakaandika mistari minne kwa mkono, akaipeleka mwenyewe kwa wazee wa bwana. Kwamba atakwenda Kilosa miezi 14, akirudi nyumbani kila baada ya wiki sita. Kwamba nafaqa yake haikatiki akiwa huko. Kwamba mume atamfuata Mikumi katika likizo yake ya mwaka, na kaka atakuwa naye siku nyingine. Kwamba mimba ikija, masomo yatasimama kwa muda, hayataachwa.

Majibu yamekuja Ijumaa baada ya Alasiri. La kwanza ndiyo, la pili ndiyo, la tatu ndiyo, tena bwana ameongeza kwamba angependa kuwaona hao tembo. La nne wameandika: tutaona.

Baba hakusema kitu. Amekunja karatasi, ameirudisha kwa mjumbe yule yule, na chini ya mstari wa nne ameacha nafasi.